Tambi za pakiti za Asia: Indomie, Shin, Buldak, Mama, Maggi kari. Tuzilinganishe kila moja kwa mapishi yake

MlaTambi_KL (Kuala Lumpur)

Wadau, salaam kwenu.

Mijadala ya tambi za pakiti huishia palepale. Mmoja anasema Indomie ndiyo baba lao, mwingine anasema Wakorea wamemaliza kazi, wa tatu anasema zote ni chumvi na mafuta matupu. Kwa ninavyoona, ubishi mwingi unatokana na sisi kuzipika zote kwa namna moja: sufuria, maji mengi, vipakiti vyote ndani, basi. Buldak ukiipika hivyo unapata maji mekundu makali yasiyo na ladha. Mi Goreng ya Indomie ukiipika hivyo umeitupa. Naomba tuzilinganishe kila moja ikiwa imepikwa kama walioitengeneza walivyokusudia, halafu ndipo tuanze kuzifanyia majaribio.

Malaysia ni mahali pazuri kwa kazi hii. Supamaketi ya kawaida ina rafu nzima ya tambi: za Indonesia, Thailand, Korea, Singapore na za hapahapa, na nyingi zina nembo ya halali, kwa hiyo mtu hahangaiki kusoma nyuma ya kila pakiti.

Nianze na tambi zenyewe, maana tofauti kubwa iko huko kuliko kwenye viungo. Unga wa ngano unakandwa kwa maji, chumvi na madini ya jamii ya magadi. Hayo magadi ndiyo yanayozipa rangi ya manjano na ule ukakamavu mdomoni. Unga unasukumwa, unakatwa nyuzi, na nyuzi zinaangukia kwenye mkanda unaokwenda polepole kuliko kisu, ndiyo maana zinajikunja mawimbi. Zinapitishwa kwenye mvuke ziive, kisha zinakaangwa dakika moja au mbili kwenye mafuta ya moto sana, kwa kawaida ya mawese. Unyevu unatoka kwa nguvu na kuacha vitundu vidogo vidogo. Ukimwaga maji ya moto, yanaingia kwa vitundu hivyohivyo. Huo ndio ugunduzi wa Momofuku Ando, aliyeanza kuuza Chikin Ramen mwaka 1958 kutoka mji wa Ikeda, karibu na Osaka. Kuna aina nyingine ambazo hazikaangwi, hukaushwa kwa hewa ya moto. Hizo zinachelewa kuiva, lakini zinakuwa ngumu kidogo na nzito, karibu na tambi za kukata kwa mkono.

Sasa maoni yangu.

Indomie Mi Goreng ya Indonesia. Indomie ilianza 1972, na Mi Goreng ikaja miaka kumi hivi baadaye. Hii haina supu. Ndani kuna unga wa viungo, mafuta yenye harufu ya kitunguu, sosi tamu ya soya, pilipili na vitunguu vilivyokaangwa. Chemsha tambi peke yake dakika 3. Zikiwa jikoni, mimina kila kitu kwenye sahani isipokuwa vitunguu. Chuja vizuri sana, zimwage juu ya viungo, geuza kwa uma zikiwa bado zinafuka mvuke, kisha nyunyiza vitunguu. Ndivyo wanavyofanya kwenye vibanda vya Indomie huko Indonesia, na wana sababu: sosi hushika tambi za moto zisizo na maji. Maji yakibaki, sosi yote inateremka chini ya sahani na juu unakula unga mtupu. Kwa thamani ya pesa sijaona ya kuishinda. Kasoro yake ni udogo. Pakiti ina gramu 80 na kitu, mtu mzima mwenye njaa anahitaji mbili.

Maggi kari ya Malaysia. Tambi zenyewe dhaifu, zinalainika ukigeuka kidogo tu. Supu ya kari ni nzuri. Ila uzuri wake halisi uko kwenye migahawa ya Wahindi Waislamu wa hapa, wanaoichemsha nusu, wanaichuja, wanaikaanga kwenye karai la moto kali na yai, kabichi, pilipili ya kusaga na kipande cha ndimu pembeni. Ukila nyumbani kama supu umeipata nusu.

Shin Ramyun ya Korea. Kampuni ya Nongshim imeiuza tangu 1986. Gramu 120, nyuzi nene, supu ya ng'ombe yenye pilipili, uyoga mkavu na majani ya kitunguu. Hii ndiyo ninayoipa alama za juu kwa supu.

Buldak ya kampuni ya Samyang, ya Korea pia. Ya mwaka 2012. Kali, tamu, nzito. Chemsha dakika 5, mwaga maji ubakishe kama vijiko vinane, tia sosi, rudisha motoni nusu dakika ukigeuza. Naiheshimu, lakini ukali unafunika kila kitu. Baada ya tonge la tatu sijui nakula kuku au nini.

Mama ya Thailand, ladha ya tom yum (supu yao kali yenye uchachu) ya kamba. Pakiti ndogo, tambi nyembamba. Haihitaji jiko: bakuli, maji yanayochemka, funika dakika 3. Harufu ya mchaichai, khulinjani na majani ya ndimu inatoka kabla hujafunua. Kwa mtu aliyezoea mapishi ya pwani, hii inamfikia haraka kuliko zote.

Laksa (tambi za supu ya viungo na tui) ya Prima Taste, Singapore. Hizi zimekaushwa bila kukaangwa. Zina kipakiti cha viungo vilivyosagwa na kingine cha unga wa tui la nazi. Zinachukua dakika 7 na bei yake inauma. Ni chakula kamili, nisingeziweka kapu moja na hizo nyingine.

Mpangilio wangu: Mi Goreng, Mama, Shin, kisha Buldak. Maggi iwe ya mgahawani. Prima Taste ni ya siku maalumu. Karibuni mnipinge.

---

Mkaazi_wa_Busan (Korea Kusini)

Mkuu, umeanzisha jambo zuri, na kwa Buldak nitakuacha wengine wakushughulikie. Mimi niongeze kwenye Shin, kwa sababu hata waliokaa huku wanakosea maji.

Pakiti imeandikwa mililita 550. Pima. Usikadirie kwa jicho. Ukizidisha kikombe kimoja tu, supu inakuwa nyepesi na utaanza kuongeza chumvi, halafu utasema Shin haina ladha. Unga na mboga kavu vinaingia pamoja na tambi, moto mkubwa, dakika 4 na nusu. Katikati ya mapishi nyanyua tambi kwa vijiti mara kadhaa zipigwe na hewa, kisha zirudishe. Wakorea wanaamini hilo linazifanya zikaze, na mimi naona tofauti. Yai linavunjwa dakika ya mwisho na haligeuzwi. Ukilikoroga, supu inapoteza ukali na kuwa kama uji.

Watu wengi hapa huipika kwenye kijisufuria chepesi cha rangi ya dhahabu kinachopata moto upesi, na kifuniko ndicho kinakuwa sahani. Tambi zikiisha, wali uliolala unaingizwa kwenye supu iliyobaki. Usikose hatua hiyo ya wali. Kwangu ndiyo sababu ya kununua Shin.

Sasa jaribio ninalolipendekeza kuliko yote: Chapagetti pamoja na Neoguri. Chapagetti ni ya 1984, ina unga wa sosi nyeusi ya soya, tamu na nzito. Neoguri ni ya 1982, nyuzi zake nene kabisa, na ndani utakuta kipande cha mwani mkavu. Chemsha zote mbili kwenye sufuria moja pamoja na mboga kavu na ule mwani, mwaga maji ubakishe kidogo, tia unga wote wa Chapagetti na nusu tu ya unga wa Neoguri. Geuza hadi sosi iwe nzito ya kushikana. Unapata utamu wa moja na ladha ya bahari ya nyingine. Hakuna pakiti moja inayokupa hivyo.

Kwa ndugu Waislamu: Shin inayouzwa madukani hapa Korea ina viungo vya nyama ya ng'ombe na haina nembo ya halali. Toleo la halali linatengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje. Hiyo MlaTambi_KL anayokula Malaysia si ileile ninayokula mimi, na ladha ya supu haifanani kabisa. Kwa hiyo alama zetu za Shin tusizichanganye.

---

Pilipili_Kichaa (Mwanza)

Mimi ndiye wa kuishughulikia hiyo Buldak.

Mkuu, kuiweka ya nne ni dhuluma. Tambi zake ni nzuri kuliko zote ulizozitaja kwenye kundi la kukaangwa: nene, zinavutika, hazikatiki. Na ukali wake unazidishiwa sifa. Ile ya kawaida ina vipimo 4,404 vya Scoville, kile kipimo cha ukali wa pilipili. Pilipili mbuzi yetu ikiwa mbichi inapita laki moja. Mtu anayekula kachumbari ya pilipili mbuzi kila Jumapili anaogopa nini?

Ni kweli kwamba Denmark Juni 2024 waliondoa aina tatu za Buldak madukani kwa hofu ya wingi wa kapsaisini, kile kinachoipa pilipili ukali, lakini mwezi uliofuata mbili kati yake zikarudishwa. Hizo zilikuwa kali zaidi ya ile ya kawaida tunayoijadili.

---

MlaTambi_KL

Mkuu Pilipili_Kichaa, hesabu yako ya Scoville ina shimo. Pilipili mbuzi kwenye kachumbari ni vipande, unakula nyanya na kitunguu mara kumi, pilipili mara moja. Sosi ya Buldak imepaka kila uzi wa tambi, hakuna tonge la kupumzikia. Kipimo cha sosi kiko chini, ila unachokula ni sosi mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu tambi zenyewe nakubali. Kwa kuvutika hazina mpinzani kati ya zilizokaangwa. Nimeipandisha: Buldak ya tatu, lakini ikipikwa na maziwa. Maziwa kikombe kimoja badala ya yale maji ya mwisho, sosi theluthi mbili, kipande cha jibini. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana kunywa maji hakusaidii. Mafuta na protini ya maziwa ndiyo vinaishika na kuiondoa ulimini. Ukipika hivyo, ladha ya kuku na ule utamu vinaonekana.

Shin ninashusha hadi nijaribu kupima maji kama alivyosema ndugu wa Busan. Nikipima nitaleta jibu.

---

BintiMwambao (Mombasa)

Hamjambo nyote. Nimesoma nikafurahi, lakini mwasahau sisi tulioko nyumbani. Indomie tunazokula huku nyingi zatengenezwa hapahapa Mombasa. Zina kipakiti cha unga na cha mafuta, na zimekusudiwa kuwa na supu kidogo. Si Mi Goreng hata kidogo. Watu wananunua hii, wanasoma mtandaoni jinsi ya kupika ile, wanachuja maji yote, halafu wanashangaa imekuwa chumvi tupu.

Hii ya kwetu maji yawe kidogo, isichujwe, yaachwe yanywewe na tambi. Unga uingie mwisho, moto ukiwa umezimwa.

Na sasa niwape langu. Mama ya tom yum naipata kwa jamaa anayeleta bidhaa, si rahisi kila mara. Nakaanga kitunguu maji kidogo na kitunguu swaumu, natia kamba waliomenywa, wakibadilika rangi tu namimina tui la nazi la kwanza, lile zito, kikombe kimoja na maji kikombe kimoja. Likianza kuchemka natia kile kipakiti cha pilipili ya mafuta na unga nusu. Tambi mwisho, dakika mbili. Ndimu na dania baada ya kuteremsha. Tui lisichemke sana, litakatika.

Watoto wangu hawataki nyingine. Na bei ya kamba imezidi ya tambi mara nyingi, lakini kamba wachache wanatosha, vichwa vyao ndivyo vinavyotoa utamu. Vikaange kwanza, uvibonye, uvitoe.

---

Swalha_Muscat (Oman)

Assalaam alaykum. Dada BintiMwambao umenitia njaa wallahi.

Huku Ghuba Indomie ndiyo chakula cha usiku cha kila mtu: wanafunzi, madereva, kina dada wanaofanya kazi majumbani, hata wenye nyumba. Inayojaa madukani ni inayotengenezwa Saudi Arabia, ladha ya kuku na ya mboga. Kwenye mikahawa midogo ya barabarani wanaipika ikaribie kukauka, wanatia jibini laini ya kupaka, halafu wanaivunjia Chips Oman juu, zile krispi za viazi zenye pilipili. Wasiokaa huku huuliza inakuwaje chipsi juu ya tambi. Inakuwa vizuri sana, kwa sababu tambi laini zinahitaji kitu cha kuvunjika mdomoni, na pilipili ya zile chipsi inakata uzito wa jibini. Ukikosa Chips Oman, krispi za mihogo nyembamba zenye pilipili zinafanya kazi hiyohiyo. Nilizijaribu nilipokuwa Unguja likizo.

Kwa Buldak, badala ya maziwa tumia laban, yaani mtindi mwepesi, uinywe pembeni. Usiupike, unakatika.

---

AfisaLishe_Dom (Dodoma)

Wadau, sijaja kuwaharibia. Mimi mwenyewe nakula. Lakini katika kulinganisha, hakuna aliyetaja chumvi, na hapo ndipo hizi pakiti zinatofautiana kweli.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, takriban kijiko kimoja cha chai. Shin moja ikinywewa na supu yake yote ina karibu miligramu 1,800. Yaani umekula karibu chumvi yote ya siku nzima kwa mlo mmoja. Buldak, pamoja na sifa zake zote za ukali, ina karibu 1,300, kwa sababu haina supu. Watu wanaogopa pilipili, na pilipili haina kosa. Mwenye presha aogope supu.

Watu wengi wanaamini kwamba ukimwaga maji ya kwanza umeondoa chumvi. Kwa kiasi kikubwa chumvi iko kwenye kipakiti, si kwenye tambi. Maji ya kwanza yanaondoa mafuta kidogo na chumvi kidogo. Ukitaka kupunguza kweli, tumia nusu ya unga na uongeze harufu kwa vitu vingine: tangawizi, kitunguu swaumu, ndimu, pilipili. Ndimu hasa inadanganya ulimi usidai chumvi. Na supu isiishe bakulini. Najua ndugu wa Busan atanuna kwa ajili ya wali wake.

Pia ni unga na mafuta. Yai moja na konzi mbili za mchicha vinabadilisha mlo huo kabisa. Mchicha uingie sekunde za mwisho.

---

Mkaazi_wa_Busan

Siwezi kununa, dada. Kwa wali ninatumia unga theluthi mbili na kiganja cha machipukizi ya maharage. Supu inabaki nzuri. Ila umesema kweli kuhusu kiasi, huku madaktari wanasema hivyohivyo.

---

Jikoni_Tandika (Dar es Salaam)

Wakuu, naombeni msaada wa mambo mawili. Kwanza, ni kweli hizi tambi zimepakwa nta ili zisishikane, na ndiyo maana lazima umwage maji ya kwanza? Mama yangu anasisitiza. Pili, hapa kwa Mangi napata Indomie tu. Buldak na Shin zipo kwenye supamaketi za mjini na bei yake nanunua Indomie kadhaa. Kwa mtu mwenye bajeti yangu, nianze na ipi ili nipate hiyo ladha mnayoisema?

---

MlaTambi_KL

Ndugu Jikoni_Tandika, mheshimu mama, lakini nta haipo. Tambi hazishikani kwa sababu zimepitishwa kwenye mvuke, zimekunjwa mawimbi na kukaangwa. Ule utando unaouona juu ya maji ni mafuta yaliyozikaanga pamoja na wanga. Kama mama anapendelea kumwaga maji ya kwanza kwa ajili ya mafuta, hilo halina ubaya, hasa kwa aina zisizo na supu, ambazo maji yanamwagwa hata hivyo.

La pili: kama ni pakiti moja tu ya kununua mjini, chukua Shin usichukue Buldak. Shin inakufundisha tambi nene na supu nzito, na unaweza kuikuza iwe ya watu wawili kwa yai, kabichi na wali. Buldak haikui. Ukiiongezea vitu bila sosi zaidi inapotea.

Na angalia tarehe. Tambi hizi zimekaangwa, mafuta yanaharibika, na kontena linaweza kukaa juani bandarini na stoo siku nyingi. Ukifungua pakiti, nusa tambi zenyewe kabla ya kupika. Zikitoa harufu ya mafuta ya zamani au ya rangi ya ukuta, rudisha dukani. Viungo havitaificha.

---

Mzee_wa_Xiaobei (Guangzhou)

Vijana mmeiacha China nje, na ndiyo nchi inayokula tambi za pakiti kuliko nchi yoyote duniani, zaidi ya pakiti bilioni 40 kwa mwaka ukijumlisha Hong Kong.

Ya kujua ni moja: Kang Shifu, wanaoiandika Master Kong kwa Kizungu. Ilianza 1992 Tianjin, ikaanzishwa na ndugu wa kutoka Taiwan. Ladha iliyoijenga ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa na soya na viungo. Bakuli lake lina uma ndani na vipakiti vitatu: unga, mboga kavu, na kimoja cha mafuta mazito yaliyoganda. Hicho cha mafuta ndicho roho ya bakuli. Kina anisi ya nyota, mdalasini na pilipili manga za Sichuan zinazotia ganzi mdomoni. Kiweke juu ya kifuniko wakati maji ya moto yanafanya kazi ndani, kiyeyuke, ndipo ukamue. Ukikikamua kikiwa baridi, nusu inabaki kwenye plastiki.

Nimezunguka nchi hii kwa treni kwa biashara. Kila behewa lina mtungi wa maji yanayochemka, bure, na ikifika saa za kula behewa zima linanukia hiyo ng'ombe. Kwa safari ndefu hakuna ya kuishinda, hata hiyo Mama yenu, kwa sababu bakuli limekuja nalo. Kwa tambi zenyewe nakiri ni za wastani.

Ndugu zangu Waislamu mnaokuja Guangzhou: tafuteni pakiti yenye maandishi 清真, yaani halali. Jifunzeni kuyatambua kwa macho hayo mawili kabla ya kupanda ndege. Neno ng'ombe kwenye picha halitoshi, mafuta yanaweza kuwa ya mnyama mwingine.

---

MlaTambi_KL

Mzee, shikamoo. Hilo la kuyeyusha kipakiti juu ya kifuniko nimelifanya leo kwa kipakiti cha Prima Taste na Mama, limefaa kote kuwili.

Naleta na jibu la Shin. Nimepima mililita 550, nimefuata dakika, sikugusa yai. Ni chakula kingine kabisa. Supu ina mwili, uyoga unaonekana. Shin inarudi juu ya Mama kwa upande wa supu, ingawa Mama bado inashinda kwa harufu na kwa kutohitaji jiko. Mi Goreng haijatikisika.

---

Pilipili_Kichaa

Na mimi niseme, Buldak na maziwa nimeipika jana. Nilidhani ni mapishi ya watoto. Ladha ya ufuta na mwani wa kile kipakiti cha mwisho sikuwahi kuiona kabla. Naendelea kuipigia kura namba moja, sasa kwa sababu nyingine.

Swali: sosi theluthi moja iliyobaki mnaifanyia nini? Mimi nimeipaka kwenye samaki sato kabla ya kumchoma, imetoka vizuri mno.

---

Jikoni_Tandika

Asanteni wakuu, Shin nimenunua na wali umeingia. Mama yangu amekula.

Sasa kuhusu sosi zinazobaki: nikizipata, naweza kutumia tambi zetu ndefu za kawaida za dukani? Nimejaribu na unga wa Shin uliobaki, zikawa laini na hazina ule mvutano.

---

Mkaazi_wa_Busan

Zinaweza, ukizitia magadi mwenyewe. MlaTambi_KL ameeleza juu kwamba mvutano unatokana na madini ya jamii hiyo. Chukua soda ya kupikia, ile ya maandazi, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Maji yakichemka tia soda polepole, yatafura povu, kwa hiyo sufuria iwe kubwa na isijae. Tambi ziwe zile nyembamba kabisa. Usiongeze chumvi. Zitoe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa, zisuuze haraka kwa maji safi ya moto, chuja, ndipo uingize kwenye sosi.

Rangi itageuka manjano na zitakaza. Ukizidisha soda zitanukia sabuni, kwa hiyo anza na hicho kijiko kimoja, kikiwa sawasawa bila kilima. Kwa sosi ya Buldak zinafaa zaidi kuliko kwa supu, maana kwenye supu zinaendelea kulainika.

---

BintiMwambao

Nimezijaribu hizo za soda na tui langu la tom yum badala ya tambi za Mama. Kwa tui zito zimekubali, kwa sababu tui si supu nyepesi. Mie nilizitoa dakika mbili mapema, zikamalizikia kwenye tui. Jikoni_Tandika, ukipata kamba wadogo hapo Feri, kavu au wabichi, anza na hiyo.